Kamati ya Harusi Tunaiweza. Ya Uzamivu Je?

Kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu. Chanzo cha ugonjwa huu wa damu ni kosa la herufi moja tu katika jeni ya hemoglobini. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi jeni yenye kosa hilo kwa mzazi mmoja tu hashikwi kirahisi na malaria kali. Damu aliyoipima ilikuwa ya watu wa Afrika Mashariki. Desemba 2023 Marekani ikaidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni za mgonjwa wa selimundu: dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Ya bei yetu ataitafuta nani?

Wa kuitafuta ni vijana wanaosomea uzamivu wa baolojia ya molekuli na seli. Wapo Muhimbili, wapo Sokoine, wapo Nelson Mandela kule Arusha. Akili wanazo, na mara nyingine hata ada imeshalipwa. Kinachowakwamisha ni gharama za maabara. Vimeng'enya vya kunakili vinasaba huagizwa nje na kusafirishwa katika barafu kavu, na barafu kavu haingojei karatasi za ushuru. Kifurushi kikilala uwanja wa ndege kuanzia Ijumaa hadi Jumanne, kinachofika maabara ni maji ya bei mbaya. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri nayo inataka umeme usiokatika. Sampuli zikiharibika mtu anaanza upya, miaka inasonga, na kila kikao cha ukoo mjomba anamuuliza, "Mwanangu, hicho kitabu hakiishi tu?"

Mjomba huyohuyo ni mwenyekiti wa kamati za harusi tatu! Kuchangishana tunakujua: kadi, ahadi, vikao vya kila Jumapili, na mweka hazina anayedai bila haya. Mweka hazina huyo ndiye ninayemtaka.

Waliosoma chuo kimoja wamchague mwanafunzi mmoja wa uzamivu, wachange, pesa ziingie akaunti ya chuo zikanunue vitendanishi, na msimamizi wake asome hesabu mbele ya wachangiaji. Mawakala wa forodha, vifurushi vya utafiti vishughulikieni siku vinapotua, usiku ukiwamo. Waajiri, mwalimu anayesomea uzamivu huku ana vipindi 20 kwa wiki hawezi kukuza seli. Mpeni ruhusa ya masomo iliyo kamili. Na sisi wapiga kura tumuulize mbunge, kabla bajeti haijapita mwezi Juni, ile asilimia 1 ya pato la taifa ambayo nchi za Afrika ziliahidiana kuitenga kwa utafiti imefikia wapi kwetu. Asipojibu, aulizwe tena mkutano wa hadhara, mbele ya wazazi wenye watoto wa selimundu.

Kikao cha kwanza kiwe Jumapili hii. Vinywaji kila mtu ajilipie.