Urefu wa Binti Si Umri Wake

Aprili 2025 Madina Okot, binti wa Kikenya mwenye urefu wa mita 1.98, alihamia Chuo Kikuu cha South Carolina, kwa kocha Dawn Staley aliyekwisha kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2017, 2022 na 2024. Wengi wetu, watu wa mkoa wa Songwe nchini Tanzania tunaoishi huku Marekani, tulianza kumfuatilia hapo. Tunawaomba wasomaji wamtazame pia kwa kurudi nyuma, kwa sababu yanayotuhusu sisi wana-Songwe yalitokea kabla hajapanda ndege.

Alizaliwa Mumias, kwenye mashamba ya miwa ya magharibi ya Kenya. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa mpira wa wavu. Kikapu alikianza akiwa sekondari. Alisoma Kaya Tiwi, shule iliyopo Kwale, pwani ya kusini mwa Mombasa, kisha Chuo Kikuu cha Zetech. Msimu wa 2024/25 alikuwa Mississippi State, na katika msimu huo mmoja alifikisha wastani wa pointi 11 na ribaundi karibu 10 kwa kila mchezo. Umahiri huo hakuuokota Marekani. Nyumbani Kenya palikuwa na uwanja wa shule, palikuwa na mwalimu anayeujua mchezo, palikuwa na ligi ya wanawake inayochezwa hadi mwisho wa msimu. Sisi tunamstahi Madina, na tunawastahi vilevile watu waliomwona mapema wakamwambia ajaribu.

Wapo waliomtangulia. Mwadi Mabika wa Kinshasa aliichezea Zaire kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, akajiunga na Los Angeles Sparks ligi ya WNBA ilipoanza mwaka 1997, akabeba ubingwa mwaka 2001 na 2002. Na vijana wetu wa kiume wanaye Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili katika usajili wa NBA mwaka 2009. Tangu hapo mvulana mrefu wa Tanzania akipita mtaani huulizwa kama anacheza kikapu.

Msichana mrefu wa Tunduma haulizwi hivyo. Huitwa ngongoti, huitwa twiga. Darasani hukaa nyuma, mabega ameyakunja ili alingane na wenzake. Kisha linakuja lililo zito zaidi ya utani. Kwa kuwa ni mrefu, watu humdhania mtu mzima. Ana miaka 14, lakini dereva wa lori anayesubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, anamsalimia kama mwanamke, mwenye duka anampa kazi ya mtu mzima, na baadhi ya ndugu zetu wanaanza kuzungumzia mahari. Mji unaukadiria umri wake kwa kimo chake. Makocha wa kikapu wakikiona kimo kilekile wanaona mtoto mwenye kipaji, na wanajua anahitaji miaka kadhaa ya kufundishwa kwa utulivu.

Tunaandika hivi tukijua takwimu za nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba Songwe iliongoza mikoa yote kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 22. Hatudai kwamba mpira unaponya hilo. Umaskini, umbali wa shule na tamaa za watu wazima vina dawa nyingine, na zinatakiwa zote. Ila binti mwenye mazoezi saa kumi jioni, mwenye mwalimu anayemsubiri na timu itakayomuulizia asipofika, ana watu wengi zaidi wanaojua yuko wapi.

Mpira wa pete umekwisha kufanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na walimu wanaoufundisha wanastahili shukrani zetu. Kikapu kinaongeza mlango mwingine. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali, na kwa ajili yake vyuo vikubwa huku vinawalipia wanawake masomo kupitia michezo. Timu moja ya kikapu ya daraja la kwanza inaweza kuwa na wachezaji 15 wenye ufadhili. Wachache sana watafika huko. Lakini kufika kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchini, kuvaa jezi ya mkoa, kulala bweni na wasichana wa mikoa mingine na kurudi Vwawa au Mlowo na hadithi ya kusimulia, hilo wengi wanaliweza.

Jumuiya yetu huchanga haraka panapotokea msiba, na harusi zetu hazijawahi kukosa kamati. Tunapendekeza sehemu ya michango ya mwaka huu ijenge uwanja mmoja wa zege katika shule moja ya sekondari ya serikali, wenye nguzo mbili imara na mipira ya kutosha, na igharimie mafunzo ya ukocha kwa walimu wawili, angalau mmoja wao mwanamke. Mwalimu tunamtaja kwa msisitizo, maana uwanja bila mwalimu hugeuka mahali pa kuanikia mahindi. Na wasichana wapewe saa zao wenyewe uwanjani, zilizoandikwa kwenye ratiba ya shule, wavulana wasizichukue.

Wazazi na walimu wa Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na wilaya ya Songwe mnaosoma jarida hili, tuelezeni ni shule ipi ina eneo la wazi na mwalimu aliye tayari. Majina ya shule yatasomwa kwenye mkutano mkuu, na wanachama wataamua kwa kura waanzie wapi.