Ngoma ya Kiuno Ina Mlango Wake

Juma hili tumepokea suala kutoka kwa mama mmoja, mke wa askari, akaaye Kafutuma, wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru. Asema kwamba yeye na wanawake wenzake wa kota wameafikiana kuanza kujifunza ngoma ya kiuno kila Jumamosi alasiri katika chumba cha kukodi, na kwamba mwalimu amekwisha kupatikana. Mumewe hakumkataza, ila alimwuliza neno moja tu: "Na kiuno hicho utamchezea nani?" Mama huyo amekosa jibu, naye aomba tumsaidie.

Bwana huyu hakuuliza kwa ugomvi, wala swali lake si la kupuuzwa. Watu wengi wakisikia habari ya ngoma ya kiuno, fikira zao huruka moja kwa moja hadi katika vilabu vya pombe na macho ya wanaume. Lakini tukizichunguza mila zetu kwa utulivu, twaona kwamba ngoma hii ilikuwa shule kabla haijawa tamasha. Ilikuwa na mwalimu wake, wanafunzi wake na mlango wake uliofungwa. Kwa hiyo, lililo kubwa katika shauri hili si kiuno. Lililo kubwa ni mlango: nani yu ndani, nani afundisha, na nani atazama.

Tuanze na Zambia yenyewe. Mwaka 1931 bibi mmoja mtaalamu wa Kiingereza, Audrey Richards, alihudhuria chisungu, yaani jando la kike la Wabemba, lililochukua siku 23. Kitabu chake juu ya mambo aliyoyaona kilitolewa mwaka 1956. Humo twasoma jinsi wanawake walivyowafunza wasichana kwa nyimbo, kwa ngoma na kwa vyombo vya udongo viitwavyo mbusa, kila chombo na wimbo wake. Mkuu wa mafunzo huitwa nachimbusa, naye ni kama kungwi wa pwani. Mtoto aliicheza ngoma mbele ya mama zake na shangazi zake, nao ndio waliomsahihisha. Siku hizi mafunzo hayo yamefupishwa sana, na mara nyingi hutolewa karibu na harusi tu. Lakini nachimbusa bado anaheshimiwa, na bado hufundisha kwa mwili kama afundishavyo kwa maneno.

Pwani ya Bahari ya Hindi mambo ni hayo hayo. Unguja walikuwa na Bi Kidude, ambaye jina lake ni Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili, 2013. Dunia ilimjua kwa taarabu, lakini nyumbani alijulikana pia kwa unyago: aliwafunda wari na kuwapigia ngoma. Lamu na Mombasa wana chakacha, ngoma ya wanawake katika arusi, ambamo leso hufungwa nyongani na kiuno kikazunguka huku mabega yakitulia. Ng'ambo ya pili, nchini Kongo, Waluba wa Kasai wana mutuashi, na aliyeipeleka ngoma hiyo mbali ni marehemu Tshala Muana, aliyefariki mwezi wa Desemba 2022, ambaye watu walimwita Malkia wa Mutuashi.

Hata ngoma ya tumbo ya Misri, ambayo wengi huidhani kuwa ni mambo ya sinema tu, ina asili ya namna hiyo. Wamisri wenyewe hutofautisha ngoma ya jukwaani, waiitayo raqs sharqi, yaani ngoma ya mashariki, na raqs baladi, maana yake ngoma ya kwetu, ichezwayo na watu wa kawaida katika sherehe zao. Mwaka 1926 Badia Masabni alifungua ukumbi wake mjini Cairo, na humo wakapata umaarufu wachezaji kama Tahia Carioca na Samia Gamal. Ngoma ya nyumbani ikapanda jukwaani, ikapata taa na tikiti. Chakacha nayo ilipata safari yake: katika miaka ya 1980 bendi ya Mombasa Roots iliichanganya na disko, na wageni wa mahoteli wakaicheza bila ya kujua imetoka wapi.

Hatusemi kwamba jukwaa ni dhambi. Kucheza mbele za watu kwaweza kuwa na heshima kubwa. Kusini mwa Nchelenge, huko Mwansabombwe, Mwata Kazembe wa Walunda hucheza yeye mwenyewe mbele ya umati katika sikukuu ya Mutomboko, mwishoni mwa mwezi wa Julai, wala hakuna aonaye kwamba mfalme amejishusha. Tusemalo ni kwamba ngoma ya jukwaani na ngoma ya darasani ni mambo mawili, na kila aingiaye yampasa ajue ameingia ipi.

Sasa tutazame hali ya familia zetu. Mke wa askari huishi kwa barua ya uhamisho. Leo yuko kituo hiki, kesho kutwa amefunga vyombo. Mama yake yuko mbali, shangazi yuko mbali zaidi, na somo wake hajamwona tangu harusi. Tena katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge wamo akina mama Wakongo waliovuka mpaka mwaka 2017, wakapokewa Kenani, na tangu mwaka 2018 wakapewa makazi Mantapala. Wengi wao waliachana na jamaa zao njiani. Mwanamke wa namna hii atafunzwa na nani? Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo umo katika simu ya mkononi, ambayo humwonyesha mtu kiuno pasipo kumwonyesha adabu yake. Kwa mtazamo wetu, darasa la wanawake linaloongozwa na mtu mzima mwenye busara ni afadhali mara mia kuliko mwalimu huyo wa mfukoni.

Basi, mama mwenzetu wa Kafutuma, haya ndiyo tunayokushauri.

Kwanza, mchunguze mwalimu. Muulize amejifunza kwa nani, na ngoma anayofundisha ni ya wapi. Mwalimu mwema hutaja waliomfunza, huanza na hatua ndogo, wala hamcheki mwanafunzi mzito. Akianza siku ya kwanza kwa kuwaahidi kucheza hadharani kwa malipo, rudini nyumbani mkafikiri upya.

Pili, wekeni masharti ya chumba. Madirisha yawe na mapazia. Asiingie mwanamume, wala asipige mtu picha kwa simu. Simu zote ziwekwe katika kapu mlangoni. Mtakayoyasikia humo juu ya ndoa ya mwenzenu yabaki humo. Gharama zigawanywe kwa njia ya upatu, ule ambao huko Zambia huitwa chilimba. Na kwa kuwa wengi huko huishi kwa samaki, kumbukeni kwamba tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa. Miezi hiyo nafasi ni nyingi lakini fedha ni chache, kwa hiyo ada ya darasa ipangwe mapema.

Tatu, tunza mwili wako. Vaa nguo isiyobana, vua viatu, na kitenge ukifunge nyongani, si tumboni. Simama miguu ikiwa sawa na upana wa nyonga, magoti yalegee kidogo, kifua kiinuke. Kosa la wanafunzi wengi ni kukaza magoti na kuukunja mgongo kwa nyuma. Hapo ndipo maumivu ya kiuno yaanzapo. Nguvu ya mtikiso hutoka magotini na mapajani, na misuli ya tumbo huulinda mgongo. Tumieni dakika kumi za mwanzo kuupasha mwili moto, kisha mzunguko wa nyonga, kisha kuchora nane kwa nyonga, kisha kushusha nyonga moja moja kwa pigo la ngoma. Malizeni kwa kujinyosha polepole. Mwenye mimba, mwenye shinikizo la damu na aliyejifungua karibuni wamwone muuguzi kwanza. Aliyejifungua kwa kupasuliwa asiwe na haraka kabisa.

Faida yake si ya kubuni. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate mazoezi ya kiasi ya dakika 150 hadi 300 kwa juma, na kucheza ngoma kwahesabiwa humo. Wengine husema, samaki mkunje angali mbichi, na kwamba mama wa watoto wanne amekwisha kukauka. Ninyi wa Mweru mnawajua samaki wakavu kuliko sisi. Lakini mwili wa binadamu haukaukii juani. Ukizoezwa taratibu hulegea, hata kwa mtu wa miaka hamsini.

Nne, darasa hili liwe la watu wazima. Binti zetu wana wakati wao na masomo yao ya shule, na kufunzwa ngoma kusigeuzwe tangazo kwamba msichana yu tayari kuolewa. Mwaka 2023 sheria ya Zambia iliweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa ndoa, zikiwamo ndoa za kimila, na jambo hilo ni jema.

Tano, fikirieni majirani. Katika kota yupo askari aliyetoka zamu ya usiku, naye hulala mchana. Ngoma isipigwe kando ya dirisha lake. Saa ya mwisho ijulikane, na chakula cha jioni kisichelewe pasipo taarifa.

Nanyi akina baba, mlio kambini na vituoni, tunalo neno dogo kwenu. Ninyi mnaujua uzuri wa gwaride. Mnajua kwamba mwili uliofunzwa husimama kwa namna nyingine, na kwamba askari hafanyi mazoezi kwa ajili ya watazamaji wa sikukuu tu, bali kwa ajili ya nafsi yake na wenzake. Mke wako naye amebeba mimba, kuni, ndoo na mizigo ya uhamisho kwa mgongo huo huo. Akitaka saa moja na nusu kwa juma ya kuurudishia mgongo huo uhai wake, pamoja na wanawake wenzake, usimwulize kama umwulizavyo mshitakiwa. Muulize kama mwenzi, naye akueleze mwalimu ni nani, chumba kiko wapi na saa ya kurudi ni ipi. Hayo una haki ya kuyajua.

Na wewe mama, swali la mumeo lina jibu. Mwambie kwamba kiuno hicho utakicheza kwanza kwa ajili ya mwenye nacho, kwa afya yako na kwa furaha ya kuwa miongoni mwa wenzio. Mwambie tena kwamba mlango wa darasa umefungwa, na kwamba lipi litachezwa nyumbani, na lini, ni shauri lenu ninyi wawili. Mcheza kwao hutunzwa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.