Kibali kimoja, kulungu wawili: muache masikio-nyumbu aende zake

Wamarekani nao wana Simba na Yanga yao. Haina refa, haina VAR, na kila mwaka ikikaribia Novemba inagawa watu mezani. Ni ubishi wa wawindaji: ukiwa na kibali kimoja mfukoni, unamfuata kulungu yupi, mkia-mweupe au masikio-nyumbu?

Nimeuingia ubishi huu kwa sababu ya mpwa wangu. Anaishi Nebraska, majirani zake wamemwalika porini, na kwenye baadhi ya maeneo ya huko mwindaji amekuwa akipewa kibali kinachomruhusu kuchagua mmoja kati ya hao wawili. Akanipigia. "Mjomba, wewe mtu wa michezo, nimchukue nani?" Jibu langu ni mkia-mweupe, na sitaki liwe la juu juu.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Kulungu hawa si wale wa misitu yetu. Wa kwetu pembe zake ni za maisha, hawa wa Marekani dume huangusha pembe kila mwaka na kuota mpya. Na nyumbu anayetajwa hapa si yule wa Serengeti, wala si yule wa utani wetu kwa mashabiki wa Manchester United, msianze kunipigia simu. Ni nyumbu mtoto wa punda na farasi. Kulungu huyu amepewa jina lake kwa ajili ya masikio makubwa yanayogeuka huku na huku kama ungo wa king'amuzi. Mwenzake kapewa jina kwa mkia: akishtuka anauinua juu, upande wa chini ni mweupe pee, na hicho ndicho kitu cha mwisho unachokiona kabla hajapotea.

Sasa tazama wanavyocheza. Mkia-mweupe ni kiungo mkabaji wa mtaani. Anaishi kwenye vichaka, kando ya mito, pembeni ya mashamba ya mahindi na soya. Eneo lake ni dogo na analijua kama kiganja chake. Ukitaka kumpata unapanda juu ya mti kabla hakujapambazuka, unakaa kwenye kijukwaa, unaganda kwa baridi na unaomba upepo usigeuke. Upepo ukigeuka tu, harufu yako imemfikia na mechi imekwisha. Mara nyingi hata hujui kama alikuwepo.

Masikio-nyumbu ni mchezaji wa uwanja mpana. Yeye ni wa magharibi: milima ya Colorado na Wyoming, makorongo, nyika kavu zisizo na mti. Huyu hasubiriwi, anatafutwa. Unapanda kilima, unatoa darubini, unachambua bonde zima kwa saa kadhaa, kisha unaanza kumnyemelea kwa tumbo. Akikimbia anaruka kwa miguu yote minne kwa pamoja, kama swala tomi wetu. Wanaompenda wanasema hakuna uwindaji mtamu kama huo, na mimi siwabishii. Dume mkubwa wa masikio-nyumbu, pembe zimegawanyika panda juu ya panda, ni picha ya kutundika ukutani.

Ila ana tabia moja. Akishakimbia na kufika mgongoni mwa kilima, mara nyingi husimama. Anageuka, anatazama nyuma aone ni nini kilichomkimbiza.

Zamani tabia hiyo haikumgharimu sana, maana mwenye bunduki alikuwa ameachwa mbali na bunduki yenyewe ilikuwa na uwezo wa wastani. Leo mwindaji ana kifaa cha kupima umbali, ana darubini ya bunduki inayomwambia aelekeze juu kiasi gani, na wapo wanaojaribu kupiga kutoka mita mia tano, sita na zaidi. Kulungu amesimama peupe, anashangaa. Hiyo ni penalti na kipa kaenda kunywa maji. Mkia-mweupe naye anakutana na vifaa hivyohivyo, lakini kichaka kinamkinga. Mita mia sita za darubini hazina kazi mahali ambapo huoni zaidi ya hatua hamsini.

Na si mimi peke yangu ninayeona uwanja umeinama. Arizona walipiga marufuku kamera za kutega porini kwa ajili ya uwindaji kuanzia 2022, kwa sababu watu walikuwa wanamfahamu mnyama ratiba yake yote bila kutoka kitandani.

Halafu kuna hesabu. Mkia-mweupe wanakadiriwa kufika milioni 30 nchini humo. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa wamechinjwa hadi wakakadiriwa kubaki kama 500,000 tu. Sheria zikakaza, na tangu 1937 kodi ya bunduki na risasi inapelekwa kwenye kutunza wanyama, wakarudi kwa kishindo. Leo wanakula mazao ya wakulima, wanaingia kwenye bustani za watu mjini, wanagongana na magari usiku. Ukimchukua mmoja, mkulima atakushukuru.

Masikio-nyumbu hawafiki milioni tano, na tangu miaka ya 1960 wamekuwa wakipungua sehemu nyingi. Wengi wao ni wasafiri. Wyoming lipo kundi linalotembea kama kilometa 240 kutoka jangwa la Red Desert hadi bonde la Hoback, kisha kurudi. Hiyo ni zaidi ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kwa miguu, na njiani kuna senyenge, barabara kuu na visima vya gesi. Kipupwe cha 2022 hadi 2023 kilikuwa kibaya mno magharibi mwa jimbo hilo, theluji ikafunika malisho, na makundi yakafa kwa njaa, watoto wakiwa wa kwanza.

Hapa wanaonipinga wana hoja, tena nzito. Wanasema kinachommaliza masikio-nyumbu ni barabara, majengo, ukame na kipupwe, siyo risasi inayompata dume mmoja. Dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo ukitoa madume wachache idadi ya watoto mwakani haitetereki. Na kwenye maeneo yenye maradhi, maofisa wenyewe wakati mwingine wanataka madume yapunguzwe. Yote hayo ni kweli. Kwa hiyo kama kibali chako kimeandikwa masikio-nyumbu, baada ya miaka ya kusubiri bahati nasibu kama wanavyofanya Colorado, nenda kapige kwa amani. Hao waliopanga idadi ya vibali wamefanya hesabu zao.

Mimi namzungumzia mwenye kuchagua, na zaidi mgeni. Mgeni akipewa uchaguzi atakimbilia jina kubwa, kama viongozi wetu wa usajili. Atapiga kutoka mbali mno, atamjeruhi mnyama, na katika makorongo yale kumfuatilia aliyejeruhiwa ni kazi ya siku nzima ambayo hataiweza. Kwenye mti, kulungu yuko hatua thelathini, ukiwa na shaka unamwacha apite.

Wapenda rekodi nao wasinune. Klabu ya Boone and Crockett, aliyoianzisha Theodore Roosevelt mwaka 1887, ndiyo inayotunza vitabu vya pembe. Dume anayeongoza kwa masikio-nyumbu wa pembe za kawaida alipigwa Colorado mwaka 1972 na Doug Burris Jr. Zaidi ya nusu karne imepita. Upande wa mkia-mweupe kinara ni wa Milo Hanson, Saskatchewan, 1993, lakini mwaka 2021 huko Indiana akapigwa mwingine aliyemkaribia kabisa. Ligi hiyo bado inazalisha mastaa.

Jambo la mwisho, mpwa, ni la chakula. Wote wawili wanaugua maradhi ya kudhoofika yanayoshambulia ubongo, yaliyoonekana kwanza Colorado mwaka 1967 kwa masikio-nyumbu waliofugwa. Hayana tiba. Haijathibitishwa kuwa mtu ameyapata, ila wataalamu wanashauri nyama ya mnyama aliyekutwa nayo isiliwe. Ukishapiga, peleka sampuli ikapimwe, gandisha nyama yako kwenye friza, na usimpikie shangazi yako mchuzi mpaka majibu yatoke.