ARUSHA SALAMA KWA NANI?

Hivi jamani, mwizi wa Arusha ana sura gani? Muulize mkubwa wa Njiro, mwenye geti la chuma na mlinzi wa usiku: atakuambia ni kijana wa kijiweni Unga Limited. Mgeukie kijana huyo umuulize anaogopa nini usiku, atakutajia mawili: kibaka na karandinga.

Kibaka hampigi roba bosi aliyefunga vioo vya gari. Anamkaba mama ntilie anayewahi soko la Kilombero alfajiri, anamkaba konda anayerudi na posho yake. Ukija msako, anazolewa nani? Yule yule aliyekabwa! Kosa lake eti uzururaji. Mwingereza alituachia sheria ya kumkamata anayeshukiwa, asiye na njia ya riziki inayoonekana. Riziki ya mpiga debe itaonekanaje? Abebe stendi nzima mfukoni?

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa hapa Arusha, ilisema sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika, nchi zizifute au zizirekebishe. Wakubwa walikuwa jirani, lakini sijui masikio yalikuwa wapi.

Halafu wanalalamika raia hawatoi taarifa polisi! Kijana anamjua kibaka kwa jina na kwa chumba alichopanga, lakini akiona Land Rover ya polisi anaruka ukuta. Kibaka naye analijua hilo, ndiyo maana hana haraka.