Mwambieni Nesi Yaliyotokea Usiku

Wazazi wenzangu wa Kapseret, kuna usiku mmoja ambao karibu kila nyumba yenye mtoto mchanga huupitia, kisha hauzungumzwi tena. Ni usiku wa siku ya sindano ya wiki sita. Mchana mtoto alilia kidogo, akanyonya, akalala. Jioni paja limevimba, mwili umepata moto, na kilio chenyewe kimebadilika. Kufikia saa sita usiku nyumba nzima iko macho. Baba anauliza mtoto alidungwa nini. Kogo, yaani bibi yake, anasema watoto wa zamani hawakuwa hivi. Na kama ni Langas, ambako ukuta wa mabati haufichi siri, jirani naye ameshaamka na ameshatoa maoni yake.

Asubuhi homa imeshuka na mtoto anacheka. Wiki ya kumi ikifika, mama anakumbuka ule usiku. Hakatai chanjo, la. Anasema tu, "Acha tungoje kidogo, tutaenda mwezi ujao." Mwezi ujao mahindi yanataka kupaliliwa, nauli ya boda imepanda, na kijitabu cha kliniki kinabaki kwenye sanduku.

Mabishano makubwa ya chanjo tuliyasikia. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walipoitilia shaka chanjo ya pepopunda, redio zilijaa, serikali ikajibu, kila mtu akawa na la kusema. Lakini mama wa Kipkenyo au Megun aliyekesha na mtoto hana redio ya kumjibu. Anajijibu mwenyewe, na jibu analolipata saa nane za usiku mara nyingi ni la hofu. Ndiyo maana ninaomba jambo moja: yaliyotokea usiku, mwambieni nesi. Yote, hata yale mnayodhani ni madogo.

Tuanze na homa yenyewe, kwa kuwa ina sababu. Sindano ya paja la kushoto, ya wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, ina kinga tano ndani yake: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na Hib, kile kijidudu kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Sehemu ya kifaduro imetengenezwa kwa vijidudu vizima vilivyouawa. Mwili wa mtoto ukiviona unapambana navyo kama vile viko hai, na joto mnalolishika mkononi ndiyo kazi hiyo. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili.

Walio na jamaa Marekani au Ufini watakuwa wameshaambiwa kwa simu kwamba watoto wa huko hawapati homa ya namna hii. Wanasema kweli kwa kiasi. Huko hutumika chanjo ya kifaduro iliyochujwa, yenye vipande tu vya kijidudu. Haisumbui sana, lakini kinga yake hupungua mapema zaidi. Yetu inasumbua usiku mmoja na inalinda kwa muda mrefu. Mimi nauchagua huo usiku, ingawa najua ni rahisi kusema hivyo mtoto akiwa ameshalala.

Wajapani walipita njia hii kabla yetu. Mwaka 1975, baada ya vifo viwili vya watoto vilivyohusishwa na chanjo ya kifaduro, waliisimamisha kwa muda, na iliporudi wazazi wengi hawakurudi nayo. Kufikia mwaka 1979 kulikuwa na wagonjwa wapatao 13,000 wa kifaduro, na watu 41 walikufa katika mwaka huo mmoja. Ile chanjo iliyochujwa ilianza kutumika huko mwaka 1981. Ilizaliwa kwa sababu malalamiko ya wazazi yalichukuliwa kwa uzito, yakapelekwa maabara. Kulalamika kuna faida, basi, mradi tulalamike kwa anayeweza kufanya kitu.

Kila chanjo ina tabia yake. Ile ya kifua kikuu, inayodungwa mkono wa kushoto mtoto akizaliwa, hutulia wiki kadhaa kisha ikatoa kipele, kipele kikatoa usaha. Hapo ndipo watu hutafuta plasta, majani, mafuta, hata majivu. Kiacheni. Msikiminye wala kukifunga. Kitakauka na kuacha lile kovu ambalo wengi wetu tunalo. Ya surua na rubela, ya miezi tisa na kumi na minane, huchelewa: homa na vipele vidogo huweza kuja wiki moja au zaidi baadaye, wakati mama ameshasahau kliniki na anadhani ni chakula.

Halafu kuna baridi yetu. Mwezi wa saba hapa mtoto anavishwa sweta mbili, kofia, soksi na blanketi la kogo juu yake. Akiwa na homa, yote hayo yanaizidisha. Mpunguzie nguo, mnyonyeshe mara nyingi, na dawa ya homa mpe kwa kipimo ambacho nesi amekuandikia kulingana na kilo zake. Kijiko cha jirani kilipimwa kwa mtoto wa jirani. Aspirini usimpe kamwe.

Wala tusiisingizie chanjo kila kitu. Mtoto anaweza kudungwa Jumatatu na malaria au nimonia ikamkuta Jumanne. Homa ikizidi siku mbili, au akilia saa tatu mfululizo bila kubembelezeka, akilegea, akikataa titi, akipumua kwa shida, akivimba uso au akipata degedege, usingoje kuche. Mpeleke kituo kilicho karibu na useme alidungwa lini na paja gani. Paja lina maana: la kulia huwa na sindano nyingine, ya kuzuia nimonia. Mzio mkali ni nadra mno, kama mtoto mmoja katika milioni, na huja haraka, kwa kawaida ndani ya dakika chache. Kwa hiyo nesi akikwambia ukae kwenye benchi kidogo baada ya sindano, hakucheleweshi bure.

Nanyi wauguzi wetu, nawaona. Siku ya kliniki foleni inatoka nje ya mlango, na mwaka 2025 mlibeba lawama za uhaba wa chanjo ya polio na ya kifua kikuu ambao hamkuuleta ninyi. Hata hivyo nawaomba dakika mbili kwa kila mama kabla hajaondoka: mwambieni usiku utakuwaje. Mama aliyeonywa huiona homa kama mgeni aliyepiga simu kabla ya kufika. Akirudi na habari mbaya, msimwambie "ni kawaida" kabla hajamaliza sentensi. Lililo zito liandikieni ripoti ifike Bodi ya Dawa na Sumu, maana huko ndiko dozi zenye kasoro hugunduliwa.

Akina baba, nanyi mna kazi. Ulizeni tarehe ya sindano mapema, na usiku huo mmoja shikeni zamu. Mwenye duka au shamba aliyemwajiri mama wa mtoto mchanga amruhusu achelewe kesho yake. Ni mara tatu tu katika miezi minne ya kwanza. Wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka vijijini wapige hodi kwenye nyumba hizo siku inayofuata, kabla uvumi haujapita.

Na wewe ambaye mtoto wako alipata ya kwanza, mkakesha, na hujarudi tangu hapo: rudi wiki hii. Hesabu haianzi upya; nesi ataendelea pale alipoachia. Nenda na kijitabu hata kama kimelowa au kimechanika. Kama kimepotea, nenda hivyo hivyo, na ukifika mbele ya meza, anza na ule usiku.