CHATI IONEKANE HADI NYUMA

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chati nyingi za darasani hazijiuzi. Mwalimu hununua karatasi ya manila kwa pesa zake, kisha anajaza humo ukurasa mzima wa kitabu kwa rangi sita. Jameni, sisi wa nyuma tunaona nini? Manjano juu ya nyeupe haisomeki kabisa!

Waliotutangulia waliijua siri hii. Kule kisiwani Mfangano, Homa Bay, kuna michoro ya kale mwambani: miviringo ya rangi nyekundu na nyeupe tu. Hadi leo inaonekana.

Kwa maoni yangu, chati moja ibebe jambo moja. Ukichora Thimlich Ohinga ya Migori, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2018, chora ukuta wa mawe na mlango, andika majina manne kwa herufi kubwa, basi. Mwenye kompyuta atumie Canva, walimu huipata bure. Asiye nayo, rula na kalamu nzito zatosha. Kisha mwalimu asimame nyuma ya darasa aisome. Asipoiona yeye, mwanafunzi ataionaje?