LIGANGA: TUJIFUNZE KUNUNUA ROLA MAPEMA

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni rola za kiwanda cha chuma.

Tunapozungumza habari za chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, tunataja wingi wa mawe na ajira tu. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lilitia saini mkataba na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda, na miaka mingi ikapita bila tanuri kuwaka. Basi muda huo tuutumie kujifunza.

Ili kupata bapa la chuma la kutengenezea mabati, bonge la chuma hupashwa moto kufikia kiasi cha nyuzi 1,200 za Selsiasi, kisha hupitishwa katikati ya rola zinazozunguka mpaka liwe jembamba. Rola hizo huguswa na chuma chekundu, papo hapo zikamwagiwa maji. Kupata moto na kupoa kila mzunguko huzitia nyufa ndogo ndogo. Hapo hutolewa, hunolewa upya, zikarudishwa kazini. Ngozi ngumu ikiisha, rola ni chuma chakavu. Rola hulika kama jembe, hivyo kiwanda kitazinunua maisha yake yote.

Mnunuzi anayesema "leteni rola" tu atauziwa chochote. Yampasa aandike unene wa rola ikiwa mpya na unene wa mwisho unaoruhusiwa, urefu wake, ugumu na kina cha ngozi, na kiini kisichovunjika upesi. Tena aseme itafanya kazi wapi, kwa kuwa rola ya mwanzo wa mstari, penye moto mkali, si sawa na ya mwisho, ambako bapa limekuwa jembamba. Na asipime bei ya rola moja, bali tani zitakazopita kwa kila milimita inayolika.

Mawe ya Liganga yana vanadiamu, na madini hayo hayo hutiwa katika rola zilizo bora. Tukiyauza ghafi, tutayanunua tena ndani ya rola. Sisi wa Bukoba jambo hilo tunalijua kwa buni zetu.

Asiseme mtu kwamba kazi hii haituhusu. Wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science, mwaka 1978, jinsi mababu wa hapa Buhaya walivyoyeyusha chuma kama miaka 2,000 iliyopita. Wazee wa hapa ndio waliowaonyesha ufundi huo.

Kwa hiyo naiomba Serikali mambo mawili. Kwanza, mkataba wowote wa Liganga umlazimishe mwekezaji kuwafundisha vijana wetu kuchagua, kupima na kunoa rola. Pili, TIRDO, VETA na vyuo vikuu vianze sasa na rola za viwanda vyetu vya nondo, ili tanuri litakapowaka tuwe na mafundi wanaojua wanachokiagiza.

Kujitegemea si kuwa na mawe ardhini. Ni kujua kuyatumia.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kaagya, Bukoba.